Wazanzibari Wasioijua Zanzibar

Mtu anayesafiri kwa ajili ya mkutano huiona miji kwa namna ya pekee, nayo si namna nzuri sana. Hupokewa uwanja wa ndege na kijana aliyeshika kibao, hupelekwa hotelini, na siku nne zinazofuata huzigawa kati ya ukumbi, meza ya chakula na foleni ya posho. Akirudi nyumbani huulizwa mji wenyewe ukoje, naye hujibu kwamba ni mzuri, una bahari. Nilihudhuria mikutano ya namna hiyo katika miji kadhaa nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na mingine leo siwezi kuitofautisha. Durban naikumbuka. Nilikwenda huko mwaka 2004, mwaka wa kumi tangu Afrika Kusini ipige kura ya watu wote, kukutana na wakufunzi wenzangu wa kutoka kusini na mashariki mwa Afrika. Mada zilizosomwa zimenitoka kichwani karibu zote. Nilichobaki nacho ni daftari dogo nililokuwa nikiandika kila jioni, na ndilo lililofunguliwa mbele yangu ninapoandika haya.

Bandari ya Durban ni hori kubwa lililokingwa upande wa kusini na kilima kirefu chenye miti kiitwacho Bluff, na upande wa kaskazini na ulimi wa mchanga uitwao Point. Wazulu huuita mji huo eThekwini, yaani penye hori. Wareno waliofuatana na Vasco da Gama walipopita pwani hiyo wakati wa Krismasi ya mwaka 1497 waliiita nchi Natal, kwa kukumbuka kuzaliwa kwa Kristo, kisha wakaendelea zao kaskazini kuja kwetu. Wafanyabiashara wa Kiingereza walipiga kambi hapo mwaka 1824 kwa idhini ya Shaka, na mwaka 1835 mji ukapewa jina la gavana wao wa Rasi, Sir Benjamin D'Urban. Kila aliyefika aliandika jina lake juu ya jina alilolikuta. Nilipokuwa huko mjadala wa kubadilisha majina ya mitaa ulikuwa umekwisha anza, na watu walibishana kwa hasira kana kwamba jambo hilo ni jipya mahali pale.

Kwa muda mrefu hori hilo lilikuwa na mlango mbaya. Fungu la mchanga lilikaa mdomoni, meli kubwa zikalazimika kutia nanga nje kwenye mawimbi, na abiria wakateremshwa kwa makapu makubwa hadi kwenye mashua zilizowavusha pwani. Mpaka mwaka 1904 ndipo meli ya barua, Armadale Castle, ilipoweza kuvuka fungu na kuingia ndani. Picha za makapu hayo niliziona zimetundikwa ukutani. Wanawake wa Kizungu wenye kofia pana wamesimama ndani yake wakicheka kwa woga. Nilizitazama sana, nikajiuliza ni akina nani walioshuka hapo ambao hawakupigwa picha, nao waliandikwa katika kitabu gani.

Mimi ni mtu wa daftari. Nimefundisha na kuongoza kwa miaka zaidi ya thelathini, na kazi ya kwanza ya mwalimu kila asubuhi ni kuita majina. Kwa hiyo huenda niliyoyaona Durban mtu mwingine asingeyaona. Niliona mji uliojengwa kwa madaftari.

Chukua Wahindi, ambao ni wengi mno mjini humo. Tarehe 16 Novemba 1860 meli Truro ilitoka Madras ikaingia Durban na watu 342, wanaume, wanawake na watoto, waliokuja kulima miwa. Walowezi walitaka sukari, lakini Wazulu walikuwa na mashamba na ng'ombe wao, hawakuona sababu ya kumlimia mtu mwingine kwa mshahara duni. Mkataba ulikuwa wa miaka 5, na mshahara wa kuanzia shilingi 10 kwa mwezi. Mpaka biashara hiyo iliposimamishwa mwaka 1911 walikuwa wameletwa watu 152,184. Tunaijua hesabu hiyo mpaka mtu wa mwisho kwa sababu kila mmoja aliandikwa: jina, jina la baba, umri, tabaka, kijiji alikotoka, alama alizokuwa nazo mwilini, na mbele ya yote namba. Hapa sihitaji kumweleza zaidi msomaji wa Tanzania. Mashamba ya mkonge ya Tanga nayo yaliwaita watu wake manamba.

Waafrika walioingia mjini kutafuta kazi za kutwa nao hawakuachwa hivi hivi. Mwaka 1874 serikali ya Natal iliweka utaratibu wa kuwaandikisha watu wa kazi za siku, walipe ada na wavae beji. Neno letu kibarua lilizaliwa hivyo hivyo, kutokana na kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa.

Ipo na habari ya mtihani, ambayo ilinigusa kama mwalimu. Baada ya vibarua wa miwa walikuja wafanyabiashara wa Kigujarati waliojilipia nauli, wengi wao Waislamu, watu wa aina ile ile waliofungua maduka Unguja, Lindi na Mikindani. Wengine walipenda kuitwa Waarabu ili wasichanganywe na makuli. Walowezi waliwaogopa zaidi kuliko walivyowaogopa vibarua, kwa sababu hawa walijua bei. Basi mwaka 1897 Natal ilitunga sheria ambayo haikutaja rangi wala taifa la mtu yeyote. Ilidai tu kwamba mgeni aweze kuandika ombi lake kwa lugha mojawapo ya Ulaya. Mtu aliyetunza hesabu za maduka matatu kwa Kigujarati alihesabiwa hajui kusoma. Waaustralia waliipenda hila hiyo, nao mwaka 1901 wakatunga ya kwao kwa kuigiza. Nimetunga mitihani mingi maishani, na mingine ilikuwa migumu kupita kiasi, lakini sijawahi kukutana na mtihani uliotungwa kwa lengo moja tu, kwamba fulani afeli.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha macho. Siku ya pili ya mkutano, wakati wa chai, mwenyeji mmoja aliposikia natoka Tanzania aliniambia, "Ndugu zenu Wazanzibari wako hapa, Chatsworth." Nilidhani anasema juu ya vijana waliokuja kutafuta maisha baada ya uhuru wa mwaka 1994, maana nao wapo. Akasema hapana, hawa wako hapa tangu enzi za babu wa babu, wala hawajui Kiswahili.

Historia yao inaanzia kwetu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza kupitia balozi wao John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Hiyo tuliifundisha shuleni, na kanisa kuu la Waanglikana lililoanza kujengwa mwaka huo huo pale palipokuwa soko kila mtalii hupelekwa kuliona. Ambalo hatukulifundisha ni swali la kawaida kabisa: wale watu walionyang'anywa majahazini na meli za kivita za Uingereza walipelekwa wapi? Kuwarudisha makwao ilikuwa shida, kwa sababu huko ndiko walikokamatwa. Wengine walibaki Mbweni chini ya misheni. Wengine walipelekwa Shelisheli, wengine Freretown karibu na Mombasa. Natal nayo ilikuwa ikilia njaa ya mikono ya kazi. Tarehe 4 Agosti 1873, miezi miwili tu tangu mkataba kutiwa sahihi, meli ya kivita Briton iliteremsha Durban watu 113. Hadi mwaka 1880 walikuwa wamefikishwa zaidi ya 500.

Waliambiwa wako huru, kisha wakagawiwa kwa waajiri kwa mkataba wa miaka 5. Wengi wao hawakuwa watu wa Unguja hata kidogo. Walikuwa Wamakua, kutoka kaskazini ya Msumbiji, na Unguja kwa baadhi yao ilikuwa ni mahali pa kushushwa kutoka meli moja na kupandishwa nyingine. Lakini karani wa bandari alihitaji neno la kuandika. Meli inatoka Zanzibar, basi hawa ni Wazanzibari.

Hapa inanipasa niseme kwamba mama yake mama yangu alikuwa Mmakua, na kwamba nimezaliwa upande wa Masasi. Masasi yenyewe kama makazi ya misheni ilianzishwa mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere alipowachukua watu waliokombolewa kule Unguja, akashuka nao Lindi na kupanda nao bara. Waliokombolewa ni wale wale, na pwani waliyookolewa ni ile ile. Kundi moja liliwekwa kwenye msafara wa kwenda Masasi, likawa sisi. Jingine miaka mitatu mapema liliwekwa kwenye meli ya kwenda kusini.

Alasiri ya siku ya tatu ratiba ilituandikia matembezi ya madukani. Niliomba udhuru, nikatafuta gari. Dereva alikuwa Mzulu wa makamo, mtu mcheshi, aliyesema kaka yake mkubwa alisoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya wapigania uhuru, na kwa sababu hiyo alikataa kabisa kunitoza nauli ya mgeni. Tulipanda kwanza Bluff, mahali paitwapo King's Rest. Huko ndiko walikokaa Wazanzibari wengi, katika ardhi iliyonunuliwa mwishoni mwa karne ya 19 na wadhamini wa msikiti wa mtaa wa Grey, ambao ni wa Wahindi hao hao wafanyabiashara niliowataja. Walilima, walivua, walisali, walizika. Niliona bahari upande mmoja na korongo za bandari upande mwingine. Nyumba nilizoziona ni za watu wengine.

Mwaka 1950 Makaburu walitunga sheria mbili zilizokuwa pacha. Moja ilitaka kila mtu nchini aandikwe kwa rangi yake katika daftari moja kuu. Nyingine ilitaka kila rangi ipewe eneo lake la kukaa. Durban ilikuwa na kidonda kibichi: mwezi Januari mwaka uliotangulia Waafrika na Wahindi walipigana mjini, watu 142 wakafa, na serikali ikapata kisingizio ilichokitaka. Waafrika wa Cato Manor walivunjiwa nyumba na kusukumwa KwaMashu na Umlazi, Wahindi wakapelekwa Chatsworth, na Bluff ikatangazwa kuwa ya Wazungu. Je, hawa Wazanzibari wawekwe wapi? Kwa sura na kwa asili sheria ilipaswa kuwaita Wabantu. Lakini walikuwa Waislamu, hawakuwa na mtemi wala eneo la kikabila ambako wangefukuziwa, na jina lao lilitaja kisiwa chenye sultani. Mwaka 1961 waliandikwa rasmi kuwa Waasia Wengineo. Nasema tena kwa sababu nilipolisikia nami niliomba lirudiwe: wajukuu wa Wamakua waliotekwa bara ya Msumbiji, waliopewa jina la bandari waliyopitishwa, sasa wakawa Waasia kwa amri ya ofisi. Wakahamishiwa Bayview, ndani ya Chatsworth.

Huko Bayview nilipelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa amefundisha madrasa maisha yake yote. Nilimwamkia kwa salamu ya Kiislamu, nikamwita Sheikh, naye aliposikia kazi yangu akaniita Mwalimu mpaka tulipoagana. Tuliongea Kiingereza. Nilipojaribu Kiswahili alitambua maneno machache tu, mengi ya dini. Ndipo nikamwambia kwa Kimakua cha bibi yangu, ambacho si kingi, kwamba naomba maji. Alinyamaza. Kisha akamwita binti yake jikoni, akamwambia kwa Kimakua kilicho kizuri kuliko changu amletee mgeni maji. Wameitunza lugha hiyo nyumbani kwa zaidi ya miaka 130, bila kitabu, bila redio, katikati ya Kizulu na Kiingereza. Sisi huku Masasi, tuliobakia karibu na Rovuma, watoto wetu wanaiacha ndani ya kizazi kimoja.

Nilimuuliza juu ya kuandikwa Waasia. Hakuona haya wala hakujisifu. Alisema walilia kwa ajili ya makaburi ya Bluff na kwa ajili ya samaki. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hesabu, kwamba kama wangeandikwa Wabantu yeye angebeba kitabu cha pasi, na wanawe wangesoma shule za Wabantu. Kwa Uasia wao walisoma pamoja na watoto wa Kihindi. Mmoja amekuwa mwalimu.

Jioni hiyo nilisimulia mambo haya mezani, na mjumbe mwenzetu kutoka nchi jirani, mtu msomi na mwenye maneno, alisema kwamba watu hao walijikana. Walikubali, alisema, kuukimbia Uafrika wakati Waafrika wenzao wanapigwa marungu. Waliokuwa mezani wengine waliafiki. Mimi sikuafiki, na siafiki hata leo.

Kwanza, nani aliyeandika? Hawakuwa wao waliotunga fomu. Aliyewaita Wazanzibari ni ofisi, na aliyewaita Waasia ni ofisi vile vile. Mtu akipewa masanduku manne ya kuwekwa, na katika moja mtoto wake atafundishwa kusoma, na katika jingine atafundishwa kubeba mizigo, ukamlaumu kwa kuliingia la kwanza, basi umekuwa mkali kwa asiyehusika. Elimu ya Kibantu ilitungiwa sheria mwaka 1953 na watu waliosema waziwazi kwamba mtoto mweusi asifundishwe yale ambayo hataruhusiwa kuyatumia. Ni mzazi gani mwenye akili timamu asingemkwepesha mwanawe?

Pili, mambo haya nimeyaona kwa ukubwa mdogo ofisini kwangu. Waliofundisha katika miaka ya 1970 na 1980 watakumbuka vijana waliofeli darasa la saba, wakaenda shule ya mbali kurudia kwa jina la mtoto aliyeacha shule. Nafasi za sekondari zilikuwa chache kama nini. Kijana aliyezaliwa Hamisi akawa Petro, au kinyume chake, na kwa jina hilo akafaulu, akasoma, akafika chuoni kwangu. Baadhi yao niliwajua, kwa sababu mama mtu alipokuja kumjulia hali alimwita kwa jina ambalo halimo katika daftari langu. Wapo wakuu waliowafukuza. Mimi sikuwafukuza. Nilitazama kama kazi wanaifanya, na wengi waliifanya vizuri kuliko wenye majina halali. Taratibu zilikuwapo, nazo nilizijua. Lakini niliona kwamba aliyekosea hapo ni nchi iliyokuwa na nafasi chache na kuificha aibu yake katika fomu. Nilimweleza hivyo yule mjumbe. Akasema kulinganisha huko ni kwa mbali. Ni kweli ni kwa mbali, na bado nakushikilia.

Nasema haya nikikumbuka kwamba nami nilianza shule wakati Tanganyika ilikuwa na shule za Waafrika, za Wahindi na za Wazungu, kila moja na fungu lake la fedha, mpaka zilipounganishwa mwaka 1962. Hatukuandikwa Waasia Wengineo, lakini tuliandikwa.

Siku ya mwisho tulichukuliwa kwa basi hadi Inanda, kuiona Ohlange, shule aliyoianzisha John Dube mwanzoni mwa karne ya 20, kabla hajawa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Mandela alichagua kupigia kura yake hapo mwaka 1994. Kwa karibu sana, upande wa pili wa bonde, ni Phoenix, shamba la Gandhi la mwaka 1904. Kiongozi wetu alitukimbiza kwa sababu ya ndege za jioni. Niliwahi tu kusimama nje ya jengo la Ohlange na kuona watoto wakitoka, wa Kizulu takriban wote. Sheria za mipaka zilifutwa mwaka 1991, na wakati nilipofika maduka, ufukwe na ofisi vilikuwa vimechanganyika. Lakini mtu hulala pale alipo na nyumba, na nyumba zilikuwa bado ziko pale pale zilipopangwa na lile daftari.

Kabla ya kuagana yule mzee wa Bayview alikuwa ameniuliza nihimo yangu, yaani ukoo wetu Wamakua unaorithiwa kwa mama. Nilimtajia wa bibi, naye akanitajia wake, ambao ni mwingine, akaniomba nikifika nyumbani niulize kama wapo. Mwaka uliofuata, wakati wa likizo, nilizunguka kwa wazee wa vijiji vya kwetu. Wanazijua habari za waliokuja na Askofu Steere. Za waliokwenda Durban hakuna aliyewahi kuzisikia, na wengine walidhani nawatania. Bikizee mmoja ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho, akichambua mboga. Nilipoutaja ukoo wa yule mzee aliacha kuchambua. "Huyo ni kaka yangu," akasema. "Umemwacha huko kwa nani?"